Memori fomu, hai densiti, othopediki: unalipia nini hasa unaponunua godoro?

Pita Mwanga, Kigoma, mchana wowote, utakuta magodoro yamesimamishwa nje ya maduka, bado yako ndani ya nailoni, na mengi yameandikwa kwa maka peni nyeusi: MEMORI. Zamani mteja aliuliza mambo mawili tu: tano kwa sita ipo, na ni inchi ngapi? Siku hizi anaambiwa kuna memori, kuna hai densiti, kuna othopediki, kuna la jeli, na kila jina lina bei yake. Magodoro mawili yanalingana futi na inchi, lakini moja linauzwa ghali kuliko jingine kwa tofauti ya kushtua, na ukiuliza sababu unajibiwa, "Hili ni memori, bosi." Wengi huishia kuchagua kitambaa kinachong'aa.

Ipo namba moja inayoweza kumaliza sehemu kubwa ya ubishi huu, na mara nyingi haijaandikwa popote kwenye ile nailoni. Kabla ya kuifikia, tuelewane kwanza vitu hivi ni nini.

Sponji ya magodoro karibu yote hutengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurethani, ambayo mkemia Otto Bayer na wenzake waliivumbua Ujerumani mwaka 1937. Kiwandani huchanganywa vimiminika viwili vikuu pamoja na maji kidogo. Maji yakikutana na kimojawapo hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, mchanganyiko unaumuka kwa dakika chache, unaganda ukiwa bonge kubwa lenye vitobo visivyohesabika, kisha bonge linakatwa kwa inchi zinazotakiwa. Anayepika maandazi ameshaelewa. Kilo moja ya unga inaweza kutoa maandazi madogo yaliyoshiba, au makubwa ya kuvutia macho ambayo ukiyabonyeza ni hewa tupu. Ukubwa wa andazi haukuambii unga uliomo. Densiti ya godoro ndiyo hesabu ya unga: ni kilo ngapi za malighafi zimo katika mita moja ya ujazo ya sponji. Ikiwa 15, umelipia hewa. Ikiwa 30, kuna kitu ndani.

Memori fomu nayo ni poliyurethani, ila viambato vyake vimebadilishwa ili irudi polepole. Ukibonyeza sponji ya kawaida na kuachia, inaruka papo hapo. Ukibonyeza memori, alama ya kiganja inabaki, vidole vyote vitano vinaonekana, halafu shimo linajaa taratibu kwa sekunde kadhaa. Jambo la pili ni kwamba inalainika kwa joto. Ukilala, joto la mwili linailegeza pale palipokugusa, nyonga na bega vinazama kidogo, kiuno kinapata cha kukiegemeza, na uzito wako unasambaa badala ya kulemea sehemu mbili tatu. Ndiyo maana anayelala kwa ubavu huipenda kuliko anayelala kifudifudi, ambaye tumbo linaweza kuzama na mgongo ukapinda.

Wauzaji hupenda kusema memori ilitoka NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Habari hiyo ni ya kweli, ila wameinenepesha. Mwaka 1966 mhandisi Charles Yost alihusika kuitengeneza sponji hii chini ya mkataba na kituo cha utafiti cha Ames cha NASA, na lengo lilikuwa viti vya ndege, ili aliyekaa apate nafuu na ulinzi zaidi ndege ikipata msukosuko. Magodoro yalikuja baadaye sana. Kampuni ya Uswidi ndiyo iliyoyaingiza sokoni kwa kishindo mwaka 1991. Kwa hiyo neno NASA likiwa kwenye lebo halikuambii lolote kuhusu sponji iliyomo ndani ya godoro linalouzwa Mwanga.

Ugumu ni kitu kimoja, densiti ni kingine

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Juzi nilikuwa kwenye duka moja, mama wa makamo akamuuliza kijana muuzaji, "Hili densiti yake ngapi, mwanangu?" Kijana akakunja ngumi, akaligonga godoro, likamrudisha. "Umeona mama linavyokataa? Hai densiti hiyo!" Mama akamtazama. "Nimekuuliza namba, wewe unanionyesha ndondi."

Yule mama alikuwa sahihi. Ugumu ni jinsi sponji inavyokataa kubonyea. Densiti ni wingi wa malighafi iliyomo. Kiwandani unaweza kutengeneza sponji nyepesi ambayo ni ngumu, na nzito ambayo ni laini, kwa kubadilisha vipimo vya viambato. Sponji nyepesi iliyogandishwa iwe ngumu ndiyo inayodanganya kuliko zote: dukani inasukuma ngumi vizuri, nyumbani baada ya muda kuta nyembamba za vile vitobo zinachoka na kuvunjika, na bonde linajichimba palepale unapolala kila siku. Ugumu huo unaousikia leo ndio wa kwanza kuondoka. Densiti ndiyo inayoamua godoro litadumu kwa muda gani. Ugumu unaamua utalala vipi wiki hii.

Kwa sponji ya kawaida, chini ya 20 ni la mgeni wa siku mbili au la mtoto asiye na uzito. Mtu mzima anayelala kila siku atafute 25 hadi 30, na mwenye mwili mkubwa apande juu ya 30. Memori ina ngazi yake tofauti, na ndiyo maana kulinganisha namba za aina mbili kunavuruga: memori yenye chini ya 48 ni nyepesi, kuanzia 50 hadi 80 ndiyo ya kutegemewa, na juu ya 80 ni nzito sana, ya bei, na ina joto. Muuzaji akikuambia "memori densiti 25", ama hajui anachouza ama anakuuzia sponji ya kawaida yenye jina la mjini.

Kilo hazina maneno mengi

Uzuri wa densiti ni kwamba huhitaji maabara. Ni uzito kugawa kwa ujazo, na Kigoma hatujawahi kupungukiwa mizani. Wauza maharage sokoni wanazo, mwalo wa Kibirizi dagaa hawapandi gari bila kupimwa. Godoro likunje, lifunge kamba, litundike au liweke juu ya mizani ya magunia.

Hesabu yenyewe ni hii: zidisha upana kwa urefu kwa futi, zidisha tena kwa unene kwa inchi, kisha gawa kwa 424. Jibu ni mita za ujazo. Tano kwa sita ya inchi 8 ni 5 mara 6 mara 8, yaani 240. Ukigawa kwa 424 unapata 0.57 hivi. Sasa chukua kilo za mizani, gawa kwa 0.57. Godoro la kilo 11 linakupa 19 na ushee. La kilo 17 linakupa 30. Kwa macho yapo sawasawa, kitambaa kimoja, zipu moja, na pengine yote mawili yameandikwa hai densiti.

Memori inaongeza ugumu kidogo kwenye hesabu, kwa sababu karibu hakuna godoro ambalo ni memori kuanzia juu hadi chini. Likiwa hivyo ungezama kama kwenye tope na kutoka ingekuwa kazi. Kwa kawaida memori ni tabaka la juu, chini yake kuna sponji ya kawaida inayobeba mzigo. Tabaka la juu likiwa inchi 2 au 3 unalihisi. Likiwa nusu inchi, ni la kutajwa tu kwenye tangazo; mwili unalipita na kukutana na sponji ya chini.

Tuchukue tano kwa sita ya inchi 8 tena. Tabaka la memori la inchi 2 lenye densiti 50 ni kama kilo 7. Inchi 6 za chini zenye densiti 30 ni kilo 12 na robo tatu hivi. Jumla inakaribia kilo 20, bado kava. Sasa lingine, linaitwa memori vilevile: inchi 1 ya memori nyepesi ya 40 ni kilo 3 hazijatimia, na inchi 7 za sponji ya 18 ni kilo 9. Jumla 12. Tofauti ya kilo 8, na hiyo ndiyo malighafi usiyopewa. Ukilinyanyua la pili kwa mkono mmoja na kulipandisha kwenye bodaboda bila kuhema, usifurahi sana.

Je, mizani inaweza kudanganywa? Inaweza, kwa njia mbili ninazojua. Ya kwanza ni unga wa mawe ya chokaa unaochanganywa kwenye sponji ili iwe nzito. Sponji hiyo haina uhai, inachanika upesi, na ukiisugua kwa kidole inaacha vumbi jeupe. Ya pili ni vipande vya mabaki ya sponji vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hiyo inatambulika kirahisi kwa madoa ya rangi mchanganyiko, bluu, pinki, njano, na ni nzito kweli. Si kitu kibaya kikiwa tabaka la chini la godoro gumu, na mafundi wa makochi wanaitumia. Ubaya ni kukuuzia hiyo kwa jina la memori.

Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi, fungua zipu. Godoro la memori lisilo na zipu, na muuzaji hana hata kipande cha mfano cha kukuonyesha tabaka zake, mimi binafsi silinunui. Ukishafungua, angalia mstari unaotenganisha tabaka la juu na la chini, pima kwa rula, bonyeza la juu kwa kiganja uone linarudi vipi. Likiruka papo hapo, hiyo si memori hata ikiwa na rangi ya pekee. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo iangalie. Inahusu bidhaa kukidhi viwango vilivyowekwa, ila haikuambii kama godoro linakufaa wewe na uzito wako.

Joto la ziwani na baridi ya Tabora

Kwa kuwa memori inafuata joto, mahali unapoishi ni sehemu ya bidhaa. Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una ubaridi wake. Mtu akipanda kitandani godoro litakuwa limekakamaa kidogo, halafu litalegea baada ya muda chini ya mwili. Kigoma mjini tuko chini zaidi, ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 na kitu, na hewa ina unyevu. Godoro lilelile huku linakuwa laini tangu mwanzo. Aliyelijaribu kwa ndugu yake Tabora mwezi wa saba akaagiza kama lile, akililalia Ujiji mwezi wa kumi anaweza kudhani ametumiwa jingine.

Jambo hilihili linavuruga majaribio ya dukani. Saa nane mchana chini ya bati, memori inalainika na kurudi haraka kuliko kawaida. Asubuhi mapema inakuwa nzito kurudi. Nenda asubuhi, likiwa kwenye hali inayokaribiana na ya usiku wako. Na usijaribu kwa mkono tu. Vua viatu, omba ruhusa, lala kwa ubavu kama unavyolala kwako, kaa hivyo dakika kumi. Muuzaji atacheka, acha acheke.

Joto la mwili ndilo lawama kubwa ya memori, na ni lawama ya haki. Inakukumbatia, hewa haipiti vizuri kati yako nayo, na ndani ya chandarua tena! Jeli iliyochanganywa kwenye sponji hunyonya joto mwanzoni, unahisi ubaridi mzuri, kisha nayo inapata joto kama wewe. Kinachosaidia zaidi ni shuka na kava la pamba, na hewa kupita chini. Kitanda cha chaga kinafaa, mradi chaga zisiachane zaidi ya inchi 3 hivi, maana sponji hujipenyeza kwenye mianya mikubwa na kuharibika kwa chini. Ubao mzima usio na matundu, au sakafu ya saruji, hufungia jasho hadi ukungu unaota upande wa chini usiouona.

Hapo niseme la nailoni. Wengi wetu tunaiacha godoro lisichafuke, na wengine wanaona ni ishara kuwa bado jipya. Safarini inafaa sana. Godoro linalopanda boti Kibirizi kwenda Kagunga bila nailoni litafika limekunywa ziwa. Lakini likishafika nyumbani, itoe. Nailoni inazuia jasho kutoka, inaongeza joto, na kwa memori inaua ile kazi uliyoilipia, kwa sababu mwili unakutana na ngozi ya plastiki iliyovutika badala ya sponji. Kwa mtoto anayekojoa, tumia kava maalumu lisilopitisha maji, la kitambaa.

Yanayosemwa mitaani

La kwanza: mgongo ukiuma, tafuta godoro gumu kama ubao. Wazee wetu walilala hivyo, na ushauri huo ulitolewa hata na madaktari kwa miaka mingi. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2003 uliwagawa watu 313 wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, baadhi wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Neno othopediki kwenye godoro halimaanishi kwamba daktari wa mifupa amelipitisha. Kiwanda chochote kinaweza kuliandika. Maumivu yanayoshuka mguuni au yanayokuja na ganzi yapeleke hospitali, usiyapeleke dukani.

La pili: nene ndilo bora. Inchi 10 za sponji ya 16 zitakushinda kabla ya inchi 6 za sponji ya 30. Unene unanyanyua kitanda na bei, na shuka zako za zamani hazitafika.

La tatu: harufu ya godoro jipya ni sumu. Ni mabaki ya kemikali za kiwandani yanayotoka kwenye sponji, na huwakera zaidi wenye pumu. Fungua madirisha, liache likae wazi siku kadhaa kabla ya kutandika. Lisianikwe juani kutwa nzima. Mwanga wa jua huifanya poliyurethani kuwa ya njano na hatimaye kumong'onyoka. Kivulini penye upepo panatosha. Godoro lililokuja limebanwa kama bomba lipe siku moja au mbili lifumke lote kabla hujalihukumu unene wake.

La nne: memori haipati kunguni. Kunguni hawali sponji wala hawaiogopi. Wanakaa kwenye mishono, pindo na nyufa za kitanda, na wanakufuata wewe.

Kuna jambo ambalo halisemwi mitaani na lingepaswa kusemwa. Mtoto mchanga asilazwe kwenye memori. Anahitaji sehemu ngumu na tambarare. Sponji inayozama inaweza kumziba pumzi akigeuka uso. Na sponji za poliyurethani kwa kawaida huwaka haraka na kutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo dawa ya mbu ya kuwasha, mshumaa na kibatari vikae mbali na kitanda, hata kama umeme umekatika na umechoka.

Ukiwa na pesa ya kati

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nina pesa ya memori ya bei rahisi, au ya sponji ya kawaida iliyo bora. Nichukue ipi? Ya pili, bila kusita. Sponji ya kawaida ya densiti 30, inchi 8, itakulaza vizuri kuliko memori nyembamba iliyobandikwa juu ya sponji ya 18. Memori haiwezi kuokoa msingi dhaifu. Likishaingia bonde la chini, la juu linalifuata. Ukija kupata pesa baadaye, utafute tabaka la memori la inchi 2 linalouzwa peke yake, la densiti 50 au zaidi, ulilaze juu ya godoro lako. Likichoka unabadilisha lenyewe tu.

Siku ya kulipa, omba risiti iandikwe futi, inchi, densiti ya kila tabaka, na miaka ya dhamana kama ipo. Uliza pia bonde la kina gani ndilo linalohesabika kuwa kasoro, kwa sababu dhamana nyingi zina kipimo chake na mteja hukijua siku ya ugomvi. Muuzaji aliyekutajia 30 kwa mdomo hana sababu ya kukataa kuiandika. Akikataa, vuka barabara. Maduka Mwanga yamepangana.